Tofali la asali, mguu wa baba mkubwa na Mzaramo mmoja asiye na adabu

Wakuu, salaam nyingi popote mlipo. Mlio vijiweni, mlio safarini, na nyinyi wa maofisini mnaosoma hapa huku bosi akidhani mnafanya kazi.

Leo nina kisa cha kweli. Nilikuwepo, niliona kwa macho haya ambayo siku hizi yanahitaji miwani hata kutafuta kitufe cha kutuma. Anayetaka kusema ni chai, namwomba asubiri nimalize, kikombe chake atakikuta.

Kilichonifanya niandike ni mjukuu wangu. Juzi karudi kutoka gym na kitu kimefungwa kwenye karatasi ya kung'aa, kinafanana na sabuni ya kipande iliyosahauliwa juani. Nikamuuliza ni nini. Akanielekeza taratibu, kama mnavyotuelekeza sisi wazee, kwamba hiyo ni protein bar. Kuna ya kujenga misuli, kuna ya kupunguza tumbo, kuna ya watu wa kisukari. Kila mwili una mahitaji yake, babu, hii ni teknolojia mpya.

Ningemwambia kwamba hiyo teknolojia mpya mimi niliisambaza kwenye magunia miaka ya sabini, huko Tabora vijijini, angeniuliza kama nimemeza dawa zangu za asubuhi.

Basi nawaambia nyinyi.

Ilikuwa enzi za vijiji vya ujamaa. Watu walishatolewa kwenye makazi yao ya zamani, huyu huku na yule kule, wakapangwa nyumba kwa mstari mnyoofu ili serikali ikipita iwaone vizuri. Shamba la pamoja likawa mbali na nyumba. Hapo ndipo likazuka swali kubwa la kitaifa: mchana watu wale nini?

Mtu wa kawaida angesema wanawake kadhaa wabaki wapike ugali, chakula kipelekwe shambani. Lakini sisi hatukuwa watu wa kawaida, sisi tulikuwa wataalamu.

Mimi nilikuwa ndio nimetoka chuoni, msaidizi wa lishe, suruali ya bugaluu inafagia vumbi. Mkuu wa mradi wetu tulimwita Dokta. Alikuwa amesoma Ulaya na alikuwa mtu mzuri sana, hasa siku ambazo hakuja kazini. Yeye ndiye aliyegundua kwamba tatizo la mkulima wa Tabora ni kwamba chakula chake hakina pembe nne.

Akabuni kipande cha lishe. Unachukua mtama uliokaangwa, karanga, asali na vitu vingine, unaviponda, unavishindilia kwenye fremu za mbao kwa mashine ya mkono, unakausha, unakata. Unapata kitu kigumu cha kuliwa mkononi bila moto wala sufuria, na jembe halisubiri.

Hapo bado hajaonyesha usomi wake. Usomi ulikuja aliposema miili haifanani. Kwa hiyo tukatengeneza aina nne.

Ya kwanza ilikuwa ya nguvukazi, yaani wanaume na wanawake wanaolima tangu alfajiri. Asali nyingi, karanga nyingi, rangi ya kahawia, inang'aa na kunata kwenye vidole. Hii ilikuwa tamu, tusidanganyane.

Ya pili ya wajawazito na wanaonyonyesha, ndani yake kuna dagaa wa Kigoma waliosagwa. Paka wote wa kijiji waliijua ratiba yetu kuliko mwenyekiti.

Ya tatu ya wazee wasio na meno, laini kidogo.

Ya nne ya wagonjwa wa kisukari. Haina asali hata ya kulamba. Mtama, karanga na mbegu za maboga, rangi ya kijivu, ladha ya mlango. Nilishiriki kuitengeneza hiyo kwa mikono yangu, na siwezi kujitetea.

Kila aina ikafungwa kwenye karatasi ya rangi yake, ya nguvukazi nyekundu, ya kisukari nyeupe. Wananchi wakaziangalia zote nne, wakaziita jina moja: matofali.

Kijiji chetu cha majaribio kilikuwa upande wa Tura, si mbali na reli. Na humo humo ndimo alimohamishiwa baba mkubwa wangu, kaka yake baba, Mzee Maganga. Huyu alikuwa mrina asali. Mizinga yake ilikuwa ndani kabisa ya pori la miyombo, safari ya kutwa kwa miguu, na alikuwa akienda na kurudi kama mnavyokwenda nyinyi dukani.

Sasa huyu mtu wa asali, Mungu naye ana mzaha wake, akapatikana na kisukari.

Hospitali ya mjini walimpa vidonge na masharti. Kidole gumba cha mguu wa kulia kilikuwa na kidonda tangu masika, hakifungi, kinatoa maji. Mganga aliniita pembeni akaniambia bila kuzunguka: kama sukari haishuki, kidonda hiki kitapanda juu, na tutakata mguu. Sio kidole, mguu.

Wakuu, mrina asali bila mguu ni nini? Hapandi mti, hafiki porini, anakaa uani anahesabiwa pamoja na kuku. Mimi baba yangu alikufa nikiwa mdogo, huyu mzee ndiye aliyeuza asali yake kunilipia ada mpaka nikamaliza shule. Nililia njiani nikirudi, na sioni aibu kusema.

Halafu nikakumbuka: kumbe nina tofali la kijivu! Mradi mzima umebuniwa kwa ajili ya mtu kama yeye. Nikaona maisha yana maana.

Siku ya kuzindua, tukagawa. Kila mtu na karatasi yake. Mwenyekiti wa kijiji akasimama na shati lake la kaunda akauliza, "Ndugu wataalamu, hawa wa karatasi nyekundu ni nani, na hawa wa karatasi nyeupe ni nani? Tumehamishwa huku kuondoa matabaka. Mnayarudisha kwa karatasi?"

Dokta akaeleza kuhusu miili na kemikali. Akaongea kwa muda mrefu, kwa Kiswahili cha aina yake. Watu wakapiga makofi kwa adabu. Kisha wakabandua karatasi zote, wakayamwaga matofali yote kwenye nyungo, wakaweka katikati.

Hapa naomba vijana wa mjini mnielewe. Kwetu wanaume wanakula pamoja. Wanakaa duara, chakula kiko katikati, kila mmoja anamega. Mwanamume mwenye kitu chake pembeni anaulizwa maswali mawili: ni mchoyo, au anaogopa wenzake wamemwekea kitu? Na swali la pili ni baya kuliko la kwanza, watu wamehama vijiji kwa swali hilo.

Kwa hiyo aina nne za Dokta ziliishi kuanzia kwenye gari mpaka kwenye ungo. Baada ya hapo ilikuwa chakula tu.

Na kuna jambo la pili, hili ndilo lililonikosesha usingizi. Kwenye duara, mkubwa hamegi mwenyewe. Anapewa. Kijana anachagua kipande kizuri kuliko vyote, anakishika kwa mikono miwili, anapiga goti kidogo, anampa mzee. Na kipande kizuri kuliko vyote kilikuwa kipi? Lile la kahawia, linalong'aa, linalonata.

Baba mkubwa alikuwa ndiye mkubwa wa duara. Kila mchana, kwa heshima zote, alikuwa anapewa sukari mkononi.

Nilienda kwake asubuhi moja. "Shikamoo baba mkubwa." "Marahaba mwanangu, umeamkaje?" Nikamweleza yote, mguu, sukari, tofali la kijivu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia, "Mwanangu, mtoto wa mtu amepiga goti mbele yangu. Nimwambie sitaki? Nimwambie lete lile la wagonjwa? Kesho nani atapiga goti?"

Nikamwambia mguu utakatwa. Akasema, "Mguu ni wangu. Heshima ni ya watu wote pale."

Nikajaribu kwa mama mkubwa, Nyamizi. Yeye akaanza kumfichia tofali la kijivu kwenye pindo la khanga, ampe nyumbani kabla hajatoka, ale ashibe. Mzee akalipokea vizuri, akashukuru, akampa mbuzi. Mama mkubwa akaniambia, "Hata mbuzi alilifikiria kwanza."

Nikajaribu kuongea na vijana wa duara. Wakasema, haya, ni nani kati yetu atakayempa Mzee Maganga kipande kibaya mbele za watu? Hakupatikana.

Nikaenda kwa Dokta. Nikamwambia mkuu, ubunifu wako ni mzuri, tatizo ni ungo. Akanijibu kwamba ungo hauko ndani ya mradi. Sisi tulishabuni, mgonjwa asiyefuata masharti ni suala la elimu kwa umma. Kisha akaniuliza kama zile karatasi za rangi zilikuwa zinapendeza kwenye picha.

Kidole kikawa cheusi pembeni.

Sasa mleteni Kondo.

Kondo alikuwa dereva wa gari letu, Mzaramo wa kuzaliwa kabisa, mfupi, mnene, mdomo haujawahi kupata likizo. Na kama mnavyojua, Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Babu zetu walitembea kutoka huku Unyamwezi na pembe za ndovu mabegani mpaka pwani, wakifika wanalala kwa babu zake Kondo, wanaombana chakula, wanatukanana, wanazikana. Utani ukabaki.

Tangu siku ya kwanza alipomwona baba mkubwa, hakumwamkia. Kijiji kizima kinapiga shikamoo, yeye anasema, "Wewe mpagazi, bado hujafa?" Na baba mkubwa, yule mzee ambaye mimi nilikuwa naongea naye nikitazama chini, anajibu, "Nitakufaje na wewe mla nazi hujachimba kaburi?" Wanacheka mpaka wanakohoa.

Siku moja tukiwa njiani kutoka mjini nikamsimulia Kondo habari ya mguu. Nilikuwa naongea tu, moyo umejaa. Aliuliza swali moja, kwamba asali ndiyo mbaya? Nikasema, kwake yeye, ndiyo. Akawasha sigara, akaendesha.

Kesho yake mchana tuko shambani. Duara limekaa. Kijana kachagua tofali la kahawia, kapiga goti, mzee kalipokea. Analipeleka mdomoni.

Kondo akatokea nyuma yake, akalipokonya.

Wakuu, alilipokonya kutoka mkononi mwa mzee wa watu, mbele ya duara zima, akaling'ata hapo hapo. Angekuwa ni mtu mwingine yeyote, angeondoka pale amebebwa.

"Babu yako," Kondo akasema huku anatafuna, "alifika kwetu na njaa, akala muhogo wa bibi yangu wote, akaondoka bila kuaga. Nimekuja kuudai." Kisha akainama kwenye ungo, akachambua, akatoa lile la kijivu, akamrushia mapajani. "Haya, tafuna mbao. Mpagazi anaujulia wapi utamu?"

Halafu duara likapasuka kwa kicheko.

Baba mkubwa afanye nini? Kumkasirikia mtani ni aibu kubwa kuliko kupokonywa. Kususa chakula ni kukubali umeshindwa. Akaliokota lile la kijivu, akalitazama, akasema, "Kula, mla nazi, tumbo likipasuka mimi ndiye nitakayekushona." Akaling'ata. Akalitafuna. Akalimaliza.

Mimi nilisimama pale na cheti changu.

Ikawa kila siku. Vijana wanapiga goti, mzee anapokea, heshima imetimia, kisha Mzaramo anakuja kuivunja. Siku nyingine mzee anajaribu kukimbiza mkono, siku nyingine anajificha nyuma ya mgongo wa mwenzake. Mara zote anapokonywa. Watu wakawa wanawahi chakula cha mchana ili wasikose. Siku Dokta alipolihitaji gari, Kondo alisema breki zina shida, akabaki.

Nilimuuliza Kondo kama anafanya vile kwa sababu ya mguu. Akanitazama kama mjinga. "Mimi sio mganga. Mimi napenda asali." Mpaka leo sijui. Alinenepa kweli, hilo naweza kuapa.

Baada ya muda mganga wa hospitali ya mjini alichemsha mkojo wa mzee kwenye kichupa chake kupima sukari, rangi ikatoka tofauti. Akamuuliza, "Mzee, umebadilisha nini?" Baba mkubwa akajibu, "Naonewa na Mzaramo." Mganga akaandika kwamba vidonge vinafanya kazi vizuri, na nadhani navyo vilisaidia.

Kidonda kikaanza kukauka pembeni. Kikajifunga taratibu, kikaacha kovu la rangi ya waridi. Siku mzee alipovaa viatu vyake vya matairi na kuchukua kamba ya kupandia mizinga, mama mkubwa aliingia ndani akafunga mlango. Tulimsikia akilia humo.

Wageni kutoka wizarani wakaja kuukagua mradi. Wakaonyeshwa mzee mwenye kisukari aliyepona mguu. Dokta akaeleza jinsi karatasi nyeupe ilivyomsaidia mgonjwa kutambua mahitaji ya mwili wake. Wakafurahi mno. Dokta akapelekwa nchi za nje kuueleza ulimwengu kuhusu karatasi.

Kondo alikuwa nje anawafutia wageni vumbi kwenye gari.

Mradi wenyewe haukuchukua muda. Mashine ilivunjika kipuri, kipuri kikasubiri kibali, kibali kikasubiri mtu aliyekuwa semina. Watu wakarudi kwenye ugali, karanga na michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, na asali ya kuchovya, ile ile. Kondo akahamishiwa Dar.

Hapo ndipo niliogopa kweli. Heshima imebaki, asali imebaki, mwizi kaondoka.

Nikaenda kijijini makusudi kuona. Duara likakaa. Kijana akapiga goti na kibakuli cha asali na michembe, akampa mzee. Baba mkubwa akapokea kwa mikono miwili, akashukuru. Akaangalia nyuma yake, kama mtu anayesubiri. Halafu akakiweka kile kibakuli pembeni, juu ya jani safi.

"Hii ya Mzaramo," akasema. "Mimi nikiila, atasema tena Wanyamwezi wanakula bila kuaga."

Hakuna aliyebisha. Fungu la mtani haliliwi na mwingine. Kuanzia siku hiyo, kila kitamu alichopewa kiliwekwa pembeni kwa jina la Kondo, na likipita treni la kwenda Dar, asali ya kwenye chupa ilitumwa kwake kutoka stesheni ya Tura pamoja na ujumbe wa matusi. Matusi nayo yalirudi, kwa njia hiyo hiyo.

Mzee alirina asali miaka mingi baada ya hapo. Alikufa kwa uzee na kifua, amelala kitandani kwake.

Tulimpelekea Kondo habari. Alishastaafu, naye anatembea kwa kujikongoja. Alifika siku ya maziko, mwili umelazwa ndani, waombolezaji wamejaa, mchungaji amesimama na kitabu chake. Hakumpa mkono mtu yeyote. Alipita moja kwa moja mpaka kwenye jeneza, akaifunua shuka upande wa chini.

Watu wakashtuka. Mchungaji akamtazama mama mkubwa, mama mkubwa akatikisa kichwa kwamba mwacheni.

Kondo akaishika ile miguu, mmoja mkono huu, mwingine mkono huu. "Njooni mtazame," akasema, machozi yanamtiririka mpaka shingoni. "Yote miwili. Nimekula asali ya huyu mpagazi mpaka mimi mwenyewe sasa nina kisukari. Miguu hii ni yangu, mnizikie vizuri."

Wakuu, kisa changu ndicho hicho.

Nilichojifunza mimi: miili haifanani, Dokta alikuwa sahihi, na mjukuu wangu yuko sahihi. Lakini baba mkubwa tulimheshimu wote, mimi na cheti changu mbele, na ile heshima ilikuwa inampeleka kwenye msumeno. Aliyemsaidia ni yule mmoja aliyeruhusiwa kumkosea adabu.

Haya, uwanja ni wenu. Wanyamwezi, Wazaramo, wataalamu wa lishe, tukaneni kwa zamu. Na kama kuna mtu kwenu anauawa kwa heshima mezani, andika hapa chini ni kabila gani, tumtafutie mtani wake.